Moshi wa Baba, Ini la Mtoto

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni kwa kufika, hasa kina baba. Najua msimu wa korosho umeanza na mnada haumngoji mtu.

Nikitaja sigara na mimba, wengi mnageuka kuwatazama kina mama. Mnawaonea. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila wanaume 100 watu wazima, takribani 15 wanatumia tumbaku. Kwa wanawake ni 3 hivi. Hapa Masasi mjamzito mwenye sigara mkononi ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini mumewe anavuta usiku kitandani, chandarua kimeshushwa, na mama yumo humohumo.

Sasa tuifuate sumu ya moshi huo hadi tumboni. Damu inatoka kwenye kondo la nyuma, inapita kwenye kitovu, na sehemu kubwa yake inaingia kwenye ini la mtoto kabla ya kufika kwenye moyo. Ini hilo ndiyo forodha yake, ila mkaguzi bado mwanagenzi. Mtu mzima ana vimeng'enya, yaani kemikali za mwili, vya kuivunja nikotini, kile kilevi cha tumbaku. Vya mtoto ni hafifu mno. Na ini hilohilo, katikati ya mimba, lina kazi nyingine ya kutengeneza chembe za damu. Hapo ongezeni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi, inayoing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtoto anabaki anagombea pumzi.

Mwaka 2017 wanasayansi wa Edinburgh walikuza seli changa za ini kutokana na seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za viungo mbalimbali, wakaziwekea kemikali za sigara. Ziliumia. Za kiume zilionyesha dalili za makovu. Za kike zilivurugika zaidi katika kazi zake za ndani. Hiyo ni maabara, si mtoto wa mtu, kwa hiyo sitawatisha kupita hapo.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limethibitisha kwamba watoto wa wazazi wanaovuta wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata hepatoblastoma, saratani ya ini inayowashika watoto wadogo, wengi wao hata miaka 3 hawajafikisha. Ni ugonjwa adimu, tushukuru. Lakini wamesema wazazi: mama, baba, au wote wawili, tangu kabla mimba haijatungwa. Kwa hiyo baba, usiniambie unavuta kwa pesa yako.

Na ugoro je? Bibi zetu wanasema hauna moshi, basi hauna neno. Nikotini haihitaji moshi, mama zangu. Ukiuweka mdomoni inaingia kwenye damu, na kwenye damu inafika kwenye kondo.

Ninachoomba ni kidogo. Mama akienda hudhurio la kwanza la kliniki, mwende wote wawili, na nesi akiuliza kuhusu tumbaku, baba ajibu kwanza. Mama anayetumia akiacha mapema, uzito wa mtoto unakaribia ule wa watoto wa wasiotumia. Baba aliyeshindwa kuacha leo, atoke nje kabisa. Dirishani si nje.

Haya, maswali. Tuanze na yule mzee wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja ugoro.