Anon: kielezi kilichopungua mbio

Mabibi na mabwana, jioni hii nitakaa na kielezi kimoja tu cha Kiingereza cha kale: anon. Kimejaa katika visa vya Mfalme Arthur ambavyo Thomas Malory alivitoa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya Kifaransa, na William Caxton akavichapa mwaka 1485. Msomaji wa leo akikitafuta kwenye kamusi hukuta "baada ya muda kidogo". Akishika maana hiyo, hadithi inamlalia mikononi: adui amekwisha inua upanga, na shujaa bado anangoja!

Kwa Malory, anon ni papo hapo. Asili yake ni maneno mawili yenye maana ya "katika moja", yaani kwa mkupuo mmoja.

Kililegezwa na watu wenye kuahidi. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry IV, Shakespeare anatuonyesha Francis, kijana anayehudumia walevi. Anaitwa kutoka chumba cha pili, naye anajibu "Anon, anon, sir!" huku Prince Hal amemzuia kwa maneno, asiweze kwenda. Sisi tunaoambiwa "nakuja sasa hivi" tukasubiri nusu saa, tunajua neno linavyochakaa. Hata by and by, ambacho leo ni "baadaye kidogo", kimepita njia hiyo. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Marko 6:25, binti wa Herodia anaingia kwa haraka na kutaka kichwa cha Yohana by and by. Hakusudii kesho. Anakitaka pale pale.

Sasa mtazameni Richard Burton, yule aliyeondoka Zanzibar mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa ya bara. Alipoanza kutoa Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza mwaka 1885, aliirembesha kwa makusudi kwa maneno yaliyokwisha kutoka vinywani mwa watu. Malory aliandika lugha ya zama zake. Burton aliazima ukale. Mimi namwona Malory ana nguvu zaidi, maana kwake kielezi kinafanya kazi, si pambo.

Kwa hiyo ninyi mnaofasiri hadithi hizi kwa Kiswahili, nawaomba mtazame tendo kabla ya kamusi. Penye mshtuko, wekeni "mara". Penye amri, "papo hapo". Na mara nyingi msiweke kielezi chochote, kwa sababu sarufi yetu imekwisha kuwapa -ka-: akamwona, akachomoa upanga, akampiga.