Kula Ukiwa Juu ya Baiskeli

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimeitwa nizungumze juu ya safari ndefu za baiskeli na triathlon, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, kwa wanaoanza, ntajaribu kufika kote, lakini wanaonijua washajua naanzia wapi. Chakula. Nalisema hili kila mara na kila mara naona vijana wanatoka Nyali alfajiri na baiskeli ya laki na ushei, taa mbele na nyuma, saa ya kupima mapigo ya moyo, na mfukoni hamna hata tende moja!

Hebu twende taratibu. Mwili una akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500, na ukikanyaga kwa nguvu hiyo ni ya saa moja na nusu, mbili ukijaliwa. Kutoka hapa Mombasa mpaka Kilifi ni kama kilomita 60, kwa hivyo wengi wenu mwafika mko sawa, mwapiga picha darajani, mwaona kumbe ni rahisi, alafu kurudi ndo mwazimika pale Vipingo kwenye mashamba ya mkonge, kivuli hakuna, jua la utosi, na kama ni msimu wa kusi basi ule upepo uliokusukuma mgongo ukienda sasa unakupiga kifuani mpaka Mtwapa. Nlimkuta kijana mmoja pale, amekaa mchangani kando ya barabara, jezi nyeusi imekuwa nyeupe mabegani kwa chumvi ya jasho, mikono yatetemeka hata zipu ya kibegi haifunguki, namuuliza umekula nini leo, yuwaniambia chai ya rangi. Chai ya rangi jamani, kwa kilomita 80 na zaidi!

Kanuni yenyewe si ngumu. Gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na unaanza mapema, njaa haijabisha hodi. Safari ikivuka saa mbili na nusu wengine hufika 90, ila hapo lazima sukari iwe mchanganyiko, glukosi na fruktosi, manake kila moja ina njia yake ya kupita kwenye utumbo, hii ikijaa ile bado yapita. Na tende ina zote mbili! Gramu 100 za tende zina zaidi ya gramu 60 za sukari. Nyinyi mwaagiza vipakiti vya jeli ya sukari ya wanamichezo kwa bei ya sahani ya biriani na tende iko sokoni Marikiti yauzwa kwa kilo. Toa kokwa usiku, funga tatu tatu kwenye foili, tia mfuko wa nyuma, mkono mmoja unatoa mwingine uko kwenye usukani. Basi.

Najua kuna mtu ataniambia wazee waliendesha Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, na gunia la makaa nyuma bila hizo gramu zako. Walikula! Mahamri na mbaazi kabla ya kutoka, mihogo njiani, na walipumzika wakitaka. Mwingine atasema yeye hunywa madafu. Madafu mazuri, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho latoa chumvi. Maji matupu mengi ndo hatari zaidi. Boston Marathon ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa mbio, asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka, na walioongezeka uzito mbioni ndo walikuwa hatarini zaidi, yaani walikunywa kuliko walivyotoa. Yale maji ya mtoto anayeharisha mnayajua: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kamulia ndimu, tia kwenye chupa, twende.

Naona mwenyekiti anionyesha saa. Triathlon basi. Anzeni na ile fupi, mita 750 majini, kilomita 20 baiskeli, 5 kukimbia, msirukie ya Olimpiki ya kilomita moja u nusu, 40 na 10 kwa sababu rafiki amejiandikisha. Kuogelea, kucheza ufuoni si mazoezi, na bwawa peke yake halitoshi, ingia baharini na mwenzako ujifunze kuinua kichwa kutafuta boya. Na waandaaji nawaomba sana, angalieni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutangaza tarehe, siku za bamvua, yaani maji makuu, hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkingojea mgeni wa heshima mpaka saa tatu asubuhi maji yashakupwa na watu watatembea juu ya matumbawe. Mgeni ndo afuate maji!

Kukimbia sina wakati nako. Miguu ikitoka kwenye baiskeli huwa mizito mwanzo, ni kawaida, kwa hivyo mazoezini ukishuka kimbia dakika kumi hapo hapo kabla hujaingia nyumbani. Na chakula cha mashindano kijaribu wiki nyingi mapema, tumbo lizoee.

Haya maswali. Wanaotaka kuuliza wanunue baiskeli gani wasubiri, waanze wa chakula.