Kwa nini hawapandi ndege? Mhadhara kuhusu Ulaya na wakimbizi

Nashukuru mwenyekiti, nashukuru kamati kwa kunialika tena. Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu wengine habari za jioni. Najua wengi humu ndani mmeshanisikia nikilizungumza hili, na kuna mwenzangu kaniambia pale mlangoni leo usituletee tena ile habari ya ndege. Naileta. Nitaileta kila mahali nitakapopewa maiki mpaka watu waache kujadili boti za wakimbizi tu, maana miaka nenda rudi mjadala wote wa hapa Ulaya ni boti, boti, boti, nani azizuie, nani aziokoe, nani apokee waliomo, na hakuna anayeuliza yule mtu kaingiaje kwenye boti.

Ya Lampedusa, kile kisiwa cha Italia boti zinakofikia, mnayajua, ya 2015 walipokuja Wasyria mnayajua, ya makubaliano ya Ulaya na Uturuki mnayajua, siyarudii. Naanza na swali moja. Mtu katoka Khartoum kwenye vita, au katoka Asmara, anauza ng'ombe, anauza kiwanja, ndugu wanachanga, anampa dalali maelfu ya dola ili avushwe jangwa, afungiwe ghalani Libya, halafu apakiwe kwenye boti ya mpira isiyo na injini ya maana. Tiketi ya ndege kutoka Afrika Mashariki mpaka Roma ni mia kadhaa. Mia kadhaa! Kwa nini hapandi ndege?

Mtaniambia hana viza. Sawa, hana. Lakini akifika Roma akasema naomba hifadhi, kutokuwa na viza hakumfungii mlango, Mkataba wa Geneva wa 1951 kifungu cha 31 unakataza kumwadhibu mkimbizi anayetoka moja kwa moja kwenye hatari kwa sababu tu kaingia bila kibali, ilimradi ajitokeze mara moja kwa wakuu na aeleze sababu. Kwa hiyo anayemzuia si sheria ya ukimbizi. Na si askari wa Italia, askari wa Italia hajamwona hata sura. Anayemzuia ni kijana wa kaunta.

Nendeni mkasimame Entebbe, au Nairobi, au Dar, kwenye foleni ya ndege za usiku za kwenda Ulaya, mtazame kwa makini. Kijana wa kaunta kavaa tai, anapokea pasipoti, anaikunja kuangalia mshono, anaipeleka kwenye taa, anakwaruza stika ya viza kwa ukucha wa kidole gumba. Anamtazama mama, anaitazama picha, anamtazama tena. Anauliza unakwenda kwa nani, una hela kiasi gani, tiketi ya kurudi iko wapi. Halafu anainua simu anamwita bosi, na mama yule kashika begi lake kwenye mzani, watu nyuma wameanza kuguna. Mpaka wa Ulaya ndio huo. Anaulinda kijana wa Kiafrika ambaye hajasomea sheria hata siku moja na wala serikali yoyote ya Ulaya haimlipi mshahara.

Kwa nini anafanya hivyo? Kwa sababu ya faini. Kuna agizo la Umoja wa Ulaya, namba 2001/51, la tarehe 28 Juni 2001, naomba mliandike mahali. Linazitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika ya usafiri yanayoleta abiria asiye na makaratasi kamili, na viwango vimewekwa: nchi ikiamua kuweka kiwango cha juu, kisiwe chini ya euro 5,000 kwa kila mtu, ikiamua kuweka kiwango cha chini, kisiwe chini ya euro 3,000 kwa kila mtu. Na juu ya faini, shirika linabeba mzigo wa kumrudisha abiria alikotoka. Uingereza nao walishaanza zamani, sheria yao ni ya 1987. Sasa wewe ni meneja wa shirika la ndege, una abiria anakulipa mia sita, ukikosea unapigwa elfu tano, utafanyaje? Utawaambia vijana wako wa kaunta: mwenye wasiwasi wowote, mwache chini.

Hapo wanasheria wa Brussels hunyanyua kidole. Wanasema agizo lenyewe limeandika kwamba haligusi wajibu wa Mkataba wa Geneva, mkimbizi halimhusu. Ni kweli, limeandikwa hivyo. Lakini hebu niambieni, nani pale kaunta atakayeamua huyu ni mkimbizi na huyu siye? Maofisa wenye digrii, wenye wakalimani, wenye miezi na wakati mwingine miaka, wanalisumbukia swali hilo hilo. Mimi nimekaa kwenye vile vyumba vya mahojiano natafsiri, nimemwona mama wa Kivu anaulizwa jina la mto unaopita nyuma ya kijiji chake mara tatu kwa namna tatu, saa nzima imepita na ofisa bado hajaridhika. Kijana wa kaunta ana dakika mbili na ndege inaondoka. Yale maneno ya Geneva mle kwenye agizo hayajawahi kumpandisha mtu ndege.

Mwingine ataniambia basi aende ubalozini aombe viza kihalali. Nimelisikia hili mpaka limenichosha, kwa hiyo nalijibu kikamilifu. Kuna familia ya Syria, mtu na mkewe na watoto watatu wadogo, watu wa Aleppo. Oktoba 2016, Aleppo ikiwa inapigwa mabomu, wakaenda ubalozi wa Ubelgiji, Beirut, wakasema waziwazi: tunaomba viza ya kibinadamu, tukifika tutaomba hifadhi. Hawakudanganya kitu. Ubelgiji ikakataa. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwanasheria mkuu mshauri wa mahakama hiyo akashauri Februari 2017 kwamba wanastahili kupewa, na tarehe 7 Machi 2017 majaji wakasema hapana, sheria ya Ulaya hailazimishi nchi kutoa viza ya namna hiyo, kila nchi iamue yenyewe. Uswisi ndiyo ilikuwa inapokea maombi ya hifadhi kwenye balozi zake, nayo ikaifuta njia hiyo mwaka 2012. Kwa hiyo ubalozini unaambiwa nenda ukaombee kule kule, na kule huwezi kufika mpaka upite ubalozini. Mkweli kakataliwa, halafu tunashangaa watu wanatafuta dalali.

Sasa naja kwenye Burundi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndugu zetu Warundi humu ndani wanayajua haya kuliko mimi. Mwaka 2018 Burundi ilitengua kuitambua Kosovo, ile iliyojitenga na Serbia, kama nchi, Serbia wakafurahi, wakaondoa viza kwa Warundi. Siasa tupu, hakuna aliyekuwa anafikiria wakimbizi. Lakini angalieni kilichotokea. Kijana wa Bujumbura akagundua kuna mji wa Ulaya unaitwa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, ambao anaweza kwenda na pasipoti yake mwenyewe. Ananunua tiketi, kaunta wanaangalia, hakuna cha faini, anapanda, anashuka Belgrade mzima, ana viatu, ana simu, ana nguo kwenye begi. Maelfu walipita hivyo, hasa 2022. Katika safari nzima ya Bujumbura mpaka Belgrade hakuna mama aliyepigiwa simu kwamba mwanao kafungwa Libya tuma hela la sivyo tunamkata kidole, na hakuna aliyekufa maji.

Mateso yalianza wapi? Yalianza Belgrade kwenda mbele, pale viza inapotakiwa tena. Hapo ndipo dalali anatokea, hapo ndipo msitu, hapo ndipo polisi wa Croatia wanaowasukuma watu nyuma usiku. Na aliyefanikiwa kupita akachukuliwa alama za vidole Croatia, akifika Ubelgiji anaambiwa kwa mujibu wa Dublin, ile kanuni ya Ulaya kwamba nchi uliyoingilia kwanza ndiyo inayoshughulikia ombi lako, wewe ni wa Croatia, rudi huko. Mapema 2023 palikuwa na Warundi wanaolala kwenye mahema pembeni ya mfereji pale Brussels, mbele ya Petit-Château, kituo cha kupokea waomba hifadhi, baridi ya Februari ile, kwa sababu wanaume wasio na familia walikuwa hawapewi nafasi kwenye vituo. Nimezungumza na baadhi yao. Mmoja alikuwa mwalimu, sitasema zaidi ya hapo.

Na Ulaya ilifanya nini ilipoona ile njia? Iliibana Serbia. Oktoba 2022 Serbia ikarudisha viza kwa Warundi na Watunisia, kwisha. Walikuwa na njia ambayo mtu anafika na uhai wake, anafika na pasipoti yake ya kweli, jina lake la kweli, serikali inajua kaingia lini na kwa ndege gani, wakaifunga, halafu mawaziri wale wale wanasimama kwenye televisheni wanasema wanapambana na biashara ya magendo ya binadamu. Biashara ile inaishi kwa sababu kaunta imefungwa! Kila ukifunga kaunta unampa dalali mteja mpya.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniuliza, kwa hiyo unataka Afrika nzima ihamie huku? Hapana, na naomba tuache kutishana. Waukraine waliondolewa viza tarehe 11 Juni 2017. Walikuwa zaidi ya milioni 40, ndege ni rahisi, basi ni rahisi zaidi, je walihama wote? Hawakuhama. Walihama mabomu yalipoanza, kama ambavyo mtu yeyote angehama. Na kwetu je? Uganda peke yake inakaa na wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, Kigoma kuna kambi ya Nyarugusu tangu miaka ya 90, na Tanzania ilishawapa uraia Warundi waliokimbia mwaka 1972 zaidi ya laki moja na nusu. Mtu anayekimbia anakwenda jirani, anakaa akisubiri kurudi kulima shamba lake. Wanaokuja mpaka huku ni wachache, tena wengi wana ndugu huku.

Na kwa kuwa nimewataja Waukraine. Agizo la faini za ndege nimesema ni la 28 Juni 2001. Sasa sikilizeni: tarehe 20 Julai 2001, hata mwezi haujaisha, Ulaya ile ile ikapitisha agizo lingine, namba 2001/55, la ulinzi wa muda. Linasema watu wengi wakikimbia kwa mkupuo wapewe kibali cha kukaa, ruhusa ya kufanya kazi, shule ya watoto na matibabu, bila kungoja mahojiano ya mmoja mmoja. Sheria mbili za kiangazi kimoja. Ile ya faini ilianza kazi. Ile ya ulinzi ililala. Wasyria walikuja 2015, haikuamka. Ikaamshwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2022, wiki moja na kitu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na watu zaidi ya milioni nne wakalindwa, wakapanda treni bure, wakachagua wenyewe wakae Poland au Ujerumani au Hispania, hakuna aliyeambiwa Dublin. Mimi nilifurahi kwa ajili yao na nafurahi mpaka leo, sitaki mtu atoke humu akiwanunia Waukraine, hawajatukosea kitu. Ninachosema ni kwamba ile kauli ya "haiwezekani" ilikufa siku ile. Inawezekana, ilifanyika, na Ulaya ipo bado. Ingawa hata wiki ile ile wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wanatoka Kharkiv na Kyiv walivutwa nyuma kwenye foleni za mpakani, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko.

Muda naona unakwenda, nilikuwa na mambo mengine, nayapitia haraka. Suala la kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa hadithi ya uongo. Ndiyo, wapo, sisi Watanzania tunajua kabisa wapo watu waliojilipua na hadithi za kuazima, na wanawaharibia wenye shida za kweli, nakubali. Lakini yule anahitaji njia ya kuja kubeba boksi, yaani kufanya kazi za chini za ughaibuni, kihalali kwa mkataba wa kazi, maana kazi zipo, wazee wa huku wanatafuta wa kuwatunza. Ukimnyima njia hiyo anaingia kwenye foleni ya wakimbizi kwa sababu ndiyo foleni pekee iliyobaki.

Rwanda na Uingereza, ule mpango wa Waingereza wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda: mlifuatilia, walianza Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikasema si halali Novemba 2023, wakatunga sheria nyingine, serikali mpya ikaufuta mpango Julai 2024 ikasema zimeliwa pauni milioni 700, na walioenda Kigali ni wanne, tena kwa hiari yao. Ya Libya nayo ningetaka saa nzima, tuiache.

Ninachotaka kifanyike. Kwanza faini isitozwe kwa abiria yeyote aliyefika akaomba hifadhi, na hilo liandikwe kwa herufi kubwa, hata ombi likija kukataliwa baadaye. Pili viza ya kibinadamu iombwe ubalozini na iwe na masharti yanayojulikana. Hii si ndoto, Italia tangu Februari 2016 watu wanashuka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, na ndege kutoka Lebanon kwa mpango wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki, na makanisa ya Kiprotestanti, wamekaguliwa na kuchukuliwa alama za vidole kabla ya kupanda, makanisa yanalipa gharama, na wapo waliokuja hivyo hivyo kutoka Ethiopia. Wanaoogopa usalama wanijibu, yupi anajulikana zaidi, huyu au yule aliyeshuka ufukweni usiku?

Tatu nilitaka kuzungumzia ule mkataba mpya wa uhamiaji wa Mei 2024 wenye utekelezaji uliopangiwa Juni 2026, kurasa kwa kurasa za mipaka na vizuizi, na hizi faini za ndege ziko pale pale, hazijaguswa. Wenye uraia humu ndani mnapiga kura. Mgombea akija kuwaomba kura na akaanza kuzungumza boti, mwulizeni 2001/51, mwulizeni kama anaijua, na asipoijua mpeni nakala.

Mwenyekiti kashasimama. Maswali, karibuni, yule dada wa nyuma kanyoosha mkono tangu nilipoitaja Serbia, aanze yeye.