Kama Huiamini Skrubu Yako, Uliiweka ya Nini?

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya madaktari walio mafunzoni, maafisa tabibu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia

Asante mwenyekiti. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema kwamba kiwiko kilichofungwa skrubu sawasawa kikunjwe mapema, kisitiwe hogo, wengine mara tatu, na leo nalirudia kwa sababu wagonjwa ninaowapokea ni wale wale. Anatomia ya kiwiko sitaigusa. Mnaijua, na asiyeijua akaisome leo usiku. Nimekuja na mbao mbili kutoka kwa seremala wa Majengo, keekee, na skrubu chache.

Kabla ya mbao, kuna mama mmoja muuza maandazi. Alianguka na bodaboda, akavunjika ncha ya kiwiko cha kulia, olekranoni, ufa mmoja wa kukatiza, vipande viwili tu. Alifungwa skrubu mahali fulani, na picha yake ya eksirei nimeitazama kwa makini: kazi safi, skrubu imekaa, uso wa kiungo umelingana. Baada ya kazi safi namna hiyo, mkono ukatiwa hogo, ile plasta ngumu, kwa wiki sita. Aliponifikia mwezi wa tatu mfupa ulikuwa umeunga, na kiwiko kilikuwa kimeganda kwenye nyuzi 90. Mkono haufiki mdomoni. Haufiki kichwani kufunga kilemba. Unga anakanda binti yake, na binti ameacha kwenda kwenye shughuli zake. Nilimuuliza kwa nini alifungwa hogo juu ya chuma. Akanijibu, "Waliniambia ni kwa usalama, daktari."

Usalama wa nani? Hogo peke yake lingeweza kuwekwa bila kumpasua. Tulimchana ngozi, tukamtia chuma, tukamwingiza kwenye hatari ya usaha, kwa sababu moja tu: ili aweze kukunja mkono mapema. Wale wapasuaji wa Uswisi walioanzisha AO, kikundi cha kuchunguza namna ya kufunga mifupa iliyovunjika, mwaka 1958 walilishikilia hilo tangu mwanzo, kwamba mfupa unafungwa imara ili kiungo kitembee. Na kiwiko hakina subira ya goti wala bega. Ukikilaza wiki kadhaa, mfuko wa kiungo unakakamaa. Mwaka 1981 Morrey, daktari wa mifupa wa Marekani, na wenzake walipima watu wakifanya shughuli za kila siku, wakakuta nyingi zinahitaji mkunjo kati ya nyuzi 30 na 130. Tonge la ugali liko ndani ya nyuzi hizo. Mama yule alibaki na 90.

Sasa mbao. Binti wa mstari wa mbele, njoo. Shika bisibisi. Skrubu hii ina hesi, ule uzi unaoizunguka, kuanzia kichwani hadi nchani. Mbao nimeziachia mwanya wa unene wa ukucha. Zungusha. Mwanya upo? Upo. Kaza kwa nguvu zako zote. Bado upo! Watu wa nyuma, simameni muone. Hesi imeung'ata ubao wa juu na imeung'ata wa chini, na kila mzunguko mbao zote mbili zinasogezwa hatua ile ile. Skrubu ndiyo inayoulinda mwanya. Kwa macho ya eksirei utasema "kuna chuma, pamefungwa", na ndani yake mifupa haijagusana.

Itoe. Chukua keekee, panua tundu la ubao wa juu peke yake, hesi ipite humo bila kugusa kitu. Wa chini usiuguse. Natia kipande cha karatasi katikati. Zungusha. Mnaona mwanya unavyofunga? Kaza, basi, inatosha. Sasa vuta karatasi. Vuta tena. Imechanika, haikutoka.

Karatasi hiyo ndiyo mhadhara wangu. Imeshikwa na mbao zilizobanana, skrubu haikuigusa. Mfupa nao ni hivyo: uimara unatoka kwenye nyuso mbili zinazosukumana, meno ya ufa yakiingiana, na skrubu kazi yake ni kuzibana tu. Mifupa ikibanana, mfupa wenyewe unabeba mzigo. Ukiacha mwanya, kila mkunjo wa kiwiko unaipinda skrubu kidogo, na chuma kinachopindwa mara elfu hukatika, kama waya unaoukunja na kuukunjua mkononi mpaka unakatika bila koleo.

Kwa hiyo ukitumia skrubu ya milimita 3.5 kubana, tundu la kipande cha karibu na kichwa cha skrubu ni 3.5, hesi ipite bure, na la kipande cha mbali ni 2.5, hesi iume. Kwa olekranoni ukitumia ya 6.5 inayoingia ndani ya uvungu wa ulna, mfupa wa kigasha ambao olekranoni ni ncha yake, chagua yenye shingo isiyo na hesi, na hesi yote iwe imeuvuka ufa. Yote! Uzi mmoja wa hesi ukibaki upande wa huku, umerudi kwenye ubao wa kwanza. Na hesi ziume ukuta wa ndani wa mfupa. Skrubu inayoelea uvunguni haishiki kitu. Ila msikimbilie urefu kupita kiasi. Ulna haijanyooka kama fito, ina mpindo, na skrubu ndefu ikiufuata mpindo huo husukuma kipande cha juu pembeni, ufa ukafumbuka upande mmoja.

Najua kuna anayesema moyoni, "Nitaweka nene zaidi nimalize." Nene wapi? Skrubu ya 4.0 ya mfupa wa sponji, ule laini wa ndani, ina kiini, yaani chuma cha katikati bila hesi, cha milimita 1.9. Ya 3.5 ya gamba, mfupa mgumu wa nje, ina kiini cha 2.4. Ugumu wa chuma kupindwa unafuata kiini, tena kwa kipeo cha nne, kwa hiyo hiyo unayoiita nyembamba ni ngumu kupindika mara mbili na nusu zaidi. Ya 4.0 ina hesi pana, inashika vizuri kwenye mfupa laini. Hiyo ni sifa nyingine, na ndiyo sababu ya kuichagua. Unene ulioandikwa kwenye pakiti haukwambii yote.

Mwingine anasema bibi wa miaka 70 mfupa wake ni paini, si mninga. Kweli. Ndiyo maana kwa bibi skrubu peke yake siiamini. Ongeza waya wa umbo la nane kupitia nyuma, uupokee mvuto wa traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu unaonyoosha kiwiko. Katika majaribio ya maabara, skrubu pamoja na waya imeshika vizuri kuliko skrubu peke yake. Na mkono wako uwe mwepesi mwishoni. Ukikaza mpaka hesi ikalika, skrubu inazunguka bure, umeharibu tundu. Hapo badilisha mpango, weka bamba la chuma. Usifunge kidonda kimyakimya halafu ukaliachia hogo likufichie.

"Lakini daktari, mgonjwa anarudi Kondoa, atabeba ndoo." Basi mwambie asibebe ndoo! Mwambie asijisukume na mkono huo anapoinuka kitini, kwa sababu hapo traisepsi inavuta kwa nguvu zote. Kukunja na kukunjua mkono mtupu, ukisaidiwa na ule mzima, ni jambo jingine kabisa. Watu wetu si wagumu wa kuelewa. Ukimweleza mkulima wa zabibu kwamba mkono unatembea lakini haubebi mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga, anaelewa. Ukimfunga hogo hujamweleza chochote.

Muda umenikimbia. Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika karibu na kiwiko na kuingia kwenye kiungo, una nguzo mbili, kwa hiyo mabamba mawili, moja halitoshi. Watoto walioanguka kutoka kwenye mzambarau na kuvunjika kondili ya nje, kile kinundu cha upande wa nje wa kiwiko: kipande ni kikubwa kuliko kinavyoonekana kwenye picha, kwa kuwa sehemu kubwa ni gegedu, isiyoonekana kwenye eksirei, na misuli inakizungusha. Kama kimehama, msisubiri. Kichwa cha radiasi, mfupa wa pili wa kigasha, na skrubu zisizo na kichwa, nitakuja siku nyingine kwa hilo peke yake.

Moja la mwisho, hasa kwa walio mafunzoni. Kabla hujafunga kidonda, kunja kiwiko chote na ukikunjue huku unautazama ufa. Ukifumbuka, rekebisha hapo hapo mezani. Usipofumbuka, andika kwenye faili ni nyuzi ngapi umekunja, kwa tarakimu, si "imara". Mfiziotherapia wa Manyoni au Mpwapwa atakayempokea mgonjwa huyo hakuwepo chumba cha upasuaji, hakuona ulichokiona, na asipoikuta tarakimu hiyo ataogopa kuugusa mkono.