Sikwenda Aruba, Lakini Sijaisusia

Haya jamani, hili nitalizungumza leo tu, kisha tuendelee na mengine. Tangu niseme kwenye ile video ya mwezi jana kwamba wenzangu kazini hapa Marekani wanakwenda Aruba, kile kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, na mimi nimebaki, swali limekuwa ni lile lile: "Dada, mbona hukwenda?" Na kwa kuwa nilitaja kwamba mmoja wetu alikataa kwa ajili ya Natalee Holloway, yule msichana wa Alabama aliyepotea kule mwaka 2005, sasa kuna la pili: "Na wewe umesusia?" Wengine hamkuuliza, mlishahukumu. Yuko aliyeandika kwamba nataja visiwa vya matajiri ili mnione nimefika. Yuko aliyeandika kwamba kila video yangu ni kulia pesa. Nikitaja safari najigamba, nikitaja gharama nalalamika. Leo nitataja vyote viwili, na mwenye kukasirika akasirike.

Kwanza sababu yangu mimi. Sikwenda kwa sababu ya pesa na karatasi. Tikiti, hoteli na chakula cha wiki moja vilikuwa vinakaribia kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili, na mnajua kwetu Ukunda, pwani ya Kenya, nina watoto wa dada yangu wanaosubiri karo. Hilo peke yake lingetosha. Lakini pia kadi yangu ya ukaazi wa Marekani, green card, ilikuwa ukingoni kuisha muda. Nikaomba mpya, nikalipa dola 415 kwa kujaza mtandaoni, ukipeleka kwa posta ni 465. Unacholetewa kwanza si kadi. Unaletewa barua inayosema ile kadi yako ya zamani imeongezewa muda, shika vyote viwili uwe unatembea navyo. Nikapigia shirika la ndege kuuliza kama barua hiyo wanaikubali kwa safari ya Aruba. Wa kwanza akaniambia ndiyo. Wa pili akasema hapana, niende na kadi mpya. Wa tatu akaniambia atanipigia, na mpaka leo namsubiri.

Na Aruba ina jambo lake moja ambalo wenye pasipoti kubwa hawaliwazi. Ukirudi Marekani kutoka kule, maafisa wa uhamiaji wa Marekani wanakukagua palepale uwanja wa ndege wa Aruba, kabla hujapanda ndege. Kwa mwenye pasipoti yao hiyo ni raha, anashuka huku kama aliyetoka mji wa jirani. Kwangu mimi maana yake ni kwamba nikikwama, nimekwamia kisiwani, hoteli inahesabu usiku, na zamu zangu kazini zinapewa mtu mwingine. Basi nikabaki. Kama wewe una roho ngumu kuliko yangu na barua yako mkononi, nenda, mambo ya karatasi kila mtu na bahati yake.

Sasa hilo la kususia.

Mimi naishi Birmingham, Alabama, na mliokuwa wadogo mwaka 2005 hamwezi kujua jambo hili lina uzito gani hapa. Natalee Holloway alikuwa mtoto wa Mountain Brook, mtaa ambao ni mwendo mfupi tu kwa gari kutoka ninapofanya kazi. Alikuwa na miaka 18, amekwenda na wanafunzi wenzake kusherehekea kumaliza sekondari, na usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei hakurudi hotelini. Habari yenyewe mnaijua, sitaianza upya. Huyu mwenzangu aliyekataa safari ana binti wa rika lile lile. Nilipomuuliza kama bado, baada ya miaka yote hii, aliweka chini karatasi za dawa alizokuwa anazipanga, akanitazama, akasema pale hatakanyaga mpaka anaingia kaburini. Sikubishana naye. Mama aliyelala miaka ile akisikiliza kama binti yake ameingia nyumbani, utambishia nini?

Na mama mzazi wa Natalee ndiyo kabisa simlaumu. Alifika Aruba siku ile ile, na ndani ya saa chache alikuwa na jina la kijana aliyeondoka na binti yake kwenye gari, Joran van der Sloot, na amefika hadi kwao. Halafu anaona siku zinakwenda. Kijana na ndugu wawili waliokuwa naye kwenye gari hawakukamatwa mpaka tarehe 9 Juni. Wakaachiwa mwanzoni mwa Septemba. Baba wa kijana alikuwa kwenye mafunzo ya ujaji katika kisiwa kidogo ambacho hakifiki hata kilomita za mraba 200. Wewe ungewaza nini? Kwa hiyo Novemba 2005, gavana wetu wa wakati ule, Bob Riley, alipowaambia watu wa Alabama wasiende Aruba, na akawataka magavana wenzake wafanye hivyo, hasira ile ilikuwa na msingi.

Lakini mimi sijaisusia, na nitawaambia kwa nini. Mimi ni mtoto wa Ukunda, nimekulia nyuma ya hoteli za Diani. Mei 2014 serikali ya Uingereza ilipotoa tahadhari watu wake wasije Mombasa kwa sababu ya mashambulizi, watalii waliokuwa tayari hotelini waliondolewa na ndege zao kabla likizo zao hazijaisha. Kaka yangu alikuwa mtandika vyumba. Asubuhi aliingia kazini ana vyumba vyake vyote, jioni akarudi nyumbani na sare ameikunja kwenye mfuko wa plastiki, meneja amewaambia watapigiwa simu. Alikaa miezi hajapigiwa. Mama yangu mdogo aliyekuwa akisuka nywele wazungu ufukweni akarudi kuuza mihogo ya kukaanga. Madereva wa teksi waliochukua magari kwa mkopo wakanyang'anywa. Na katika hao wote hakuna aliyejua lolote kuhusu bomu, wala aliyeweza kulizuia. Waliokuwa na kazi ya kulizuia walilipwa mishahara yao mwisho wa mwezi kama kawaida.

Ndiyo maana nikisikia "tususie Aruba" kichwa changu hakiendi kwa kiongozi wa mashtaka. Kinakwenda kwa mwanamke anayetandika vitanda Palm Beach, ufukwe wa hoteli kule Aruba. Kisiwa kile kiwanda chake kikubwa cha mafuta kule San Nicolas kilifungwa 1985, na tangu hapo utalii ndio umewabeba, na wageni wao wengi ni Wamarekani. Unapowafungia Wamarekani, unamfungia huyo mama. Mpelelezi aliyechelewa kumkamata mtu hakai kwa bakshishi.

Tena watu wa Aruba wenyewe walitoka. Wafanyakazi wa serikali kwa maelfu waliruhusiwa kuacha kazi waende kusaka. Wanajeshi wa Uholanzi walisaka. Ndege za kivita za F-16 zililetwa kupiga picha za ardhi. Bwawa moja likakaushwa maji. Sisemi polisi walifanya vizuri, maana hawakufanya. Nasema kisiwa na polisi wake ni vitu viwili, na kususia hakuvitenganishi.

Na kuna hili ambalo nikiliwaza napandwa na hasira, na nalisema kama mwanamke mweusi anayeishi Alabama. Wa kwanza kabisa kuwekwa ndani katika kesi ile hawakuwa wale vijana. Walikuwa wanaume wawili weusi, waliowahi kuwa walinzi wa hoteli. Vijana walikuwa wamesema walimshusha Natalee hotelini kwake na wakamwona mlinzi mweusi akimwendea. Neno la vijana likaaminika, wale wawili wakakamatwa tarehe 5 Juni, wakakaa ndani zaidi ya wiki, kisha wakaachiliwa kwa sababu hakukuwa na kitu. Majina yao yalishazunguka dunia. Wale nao wana mama. Nani alisimama mbele ya kamera akasema tususie mahali fulani kwa ajili yao? Mkitaka kuzungumza nami kuhusu haki katika kesi ile, tuanzie hapo.

Sasa mtaniuliza, kususia kulileta nini? Mimi naona hakukuleta kitu. Desemba 2007 waendesha mashtaka wa Aruba walifunga faili, hakuna aliyeshtakiwa. Kilichokuja kumnasa Joran ni tamaa yake mwenyewe. Mwaka 2010 alidai dola 250,000 kwa mama wa Natalee ili aonyeshe mwili ulipo. Akapewa 25,000 kwanza, akadanganya, akapanda ndege. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa wanayafuatilia malipo yale, lakini hakukamatwa. Akatua Peru, na tarehe 30 Mei 2010, miaka mitano kamili baada ya Natalee kupotea, akamuua msichana mwingine mjini Lima, Stephany Flores. Kule alihukumiwa miaka 28. Ikabidi ifike 2023 ndipo aletwe hapa Birmingham, akiri kwamba alitaka pesa zile kwa ulaghai, na katika makubaliano na waendesha mashtaka akiri pia kwamba alimuua Natalee ufukweni. Akapewa miaka 20 kwa ule ulaghai. Kesi ya mauaji ya Natalee yenyewe hakuna mahakama iliyoisikiliza.

Na kwa Stephany Flores, je? Pale nilipofanya kazi zangu zote hapa Alabama sijawahi kumsikia mtu akisema Peru waisusie Marekani kwa kuwa mtu yule aliachwa akaondoka na pesa. Wala nisingetaka waseme. Ila pimeni wenyewe ni nani mwenye uwezo wa kususia na ni nani hana.

Wakenya wenzangu msije mkakaa pembeni mkadhani haya ni ya Waholanzi. Sisi tulikuwa na Julie Ward, Maasai Mara, Septemba 1988. Mwanamke wa Kiingereza, miaka 28, anapiga picha za wanyama. Akapotea. Wakubwa wakasema wanyama wamemla. Baba yake, John Ward, ndiye aliyekodi ndege akaja kusaka, na mabaki yakapatikana yamechomwa. Ripoti ya daktari aliyepima ikabadilishwa ili mfupa uliokatwa usomeke kama uliochanwa na mnyama. Watu watatu walishtakiwa kwa nyakati tofauti, wote wakaachiwa, na mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Nilipokuwa mdogo wazee wa Ukunda walisema wazi kwamba simba alisingiziwa ili watalii wasikimbie. Ukificha maiti kulinda utalii, unampa mgeni sababu ya kweli ya kutokuja, na atakayefukuzwa kazi ni mtandika vyumba aliyekuwa umbali wa mamia ya kilomita. Hapo ndipo ninapowalaumu wakubwa kuliko ninavyowalaumu wanaosusia.

Halafu kuna mambo ninayoyameza kila siku. Mwaka 2021 wizara yetu ya Mambo ya Nje ilisema Wakenya 89 walifia Saudi Arabia ndani ya miaka miwili, wengi wakiwa wafanyakazi wa nyumbani, na kwenye karatasi nyingi kumeandikwa moyo ulisimama. Mabinti wenye miaka ishirini na kitu, mioyo inasimama. Gavana gani alisimama na mama zao? Ndege za kupeleka wengine ziliendelea kujaa, kwa sababu anayekwenda kutafuta riziki hana cha kususia. Nimeliona hilo kwa jirani zetu, nimekwenda matanga yao, na siwezi kuzungumzia Natalee nikanyamaza juu yao.

Kwa hiyo, jibu langu. Aruba nikipata pesa na kadi yangu ikija, nitakwenda. Mwenzangu hatakwenda na simwambii aende. Wewe fanya linalokutosha moyoni, sikushauri kitu, mimi si wakili wala si wakala wa safari.

Kuna mama mmoja wa Likoni ameandika mara nyingi na sijamjibu, naye swali lake ndilo lenye haraka. Binti wa ndugu yake yuko Ghuba, simu haipokelewi. Mama, hili ni langu tu, nimeliona kwa watu wangu, kwako linaweza kuwa tofauti. Usiende ofisini na maneno matupu. Nenda na nakala ya pasipoti yake, nakala ya mkataba, jina na simu ya wakala aliyempeleka, jina la mwajiri, na tarehe ya ujumbe wake wa mwisho, uichapishe kabisa. Andika barua, nakala mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo nyumbani. Nenda polisi kwanza upate nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, kisha Mambo ya Nje. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, muulize anayekwambia jina lake, uliandike mbele yake. Na kama huna nakala hata moja, niandikie faragha, nina dada mmoja Mombasa aliyepitia haya yote na amekubali nimpe mtu namba yake.

Wale mnaosubiri ile video ya kusafirisha gari mpaka bandari ya Mombasa, inakuja Jumamosi, bado nadai risiti moja.