Teminali bandia: kuendesha sheli kutoka ndani ya programu yako

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari za mchana. Niweke neno moja sawa kabla hatujaenda mbali: nikisema sheli leo sisemi ile ya mafuta pale Mwenge. Nasema bash, zsh na ndugu zao, programu zinazopokea amri zetu na kuziendesha.

Wengi humu mmeshaendesha amri kutoka ndani ya Python kwa `subprocess` na bomba (pipe), njia inayobeba maandishi kati ya programu mbili. Kwa `ls` au `df -h` bomba linatosha, na atakayekuambia uweke teminali bandia (pty, kifaa kinachoigiza teminali ya kweli) hapo anakupa kazi ya bure. Shida inaanza kwa programu inayotoa mstari mmoja kila baada ya sekunde chache. Ukiiendesha kwa mkono, mistari inakuja mmoja mmoja. Ukiiendesha kwa bomba, kimya. Dakika tano baadaye yote inamwagika kwa mpigo.

Programu haijaharibika. Laibrari ya C huuliza kwanza: mwisho wa njia hii kuna teminali au hakuna? Swali hilo ndilo `isatty`. Jibu likiwa ndiyo, kila mstari unatoka ukikamilika. Likiwa hapana, herufi zinarundikwa kwenye bafa mpaka ijae, na kwa bomba la Linux bafa hiyo kwa kawaida ni baiti 4096. Bomba ni daladala iliyoko stendi: haitoki mpaka ijae. Teminali ni bodaboda: abiria mmoja, twende. Na daladala ikipigwa SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo, ikiwa bado stendi, abiria wote wamepotea. Mistari ile hutaiona tena. Makosa yanapita njia nyingine, stderr, ambayo hairundiki. Ndiyo maana kwenye logi kosa hukaa juu ya mistari iliyopaswa kulitangulia.

Kama tatizo lako ni hilo tu, jaribu `stdbuf -oL`, `python -u` au `grep --line-buffered`, uwahi foleni kabla haijakaza. Teminali bandia unaihitaji pale programu inapodai teminali kwelikweli: `ssh`, inayosoma nywila kutoka `/dev/tty` bila kujali ulichosukuma kwenye stdin, `vim`, `top`, au sheli unayotaka kumwekea mtumiaji ndani ya kivinjari.

Sasa kifaa chenyewe. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inakupa jozi ya ncha mbili. Moja, niiite kichwa, inabaki na programu yako. Nyingine, mkia, inakabidhiwa sheli. Kwenye Linux ukifungua `/dev/ptmx` unapata kichwa, na mkia unajitokeza kama `/dev/pts/3` au namba nyingine. Hadi hapo utadhani ni bomba. Lakini katikati kerneli imemweka karani. Karani huyu anarudisha kila kinachoandikwa ili kionekane, anageuza `\n` inayotoka kuwa `\r\n`, anashikilia mstari mpaka Enter ibonyezwe, na akiona baiti ya 3, yaani Ctrl-C, haipitishi: anapeleka SIGINT, ishara ya kukatiza, kwa kundi la michakato lililoko mbele. Hitilafu nyingi mtakazokutana nazo ni karani huyu akifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Tazameni skrini.

```
import errno, fcntl, os, pty, struct, termios

pid, kichwa = pty.fork()
if pid == 0:
    try:
        fcntl.ioctl(0, termios.TIOCSWINSZ,
                    struct.pack("HHHH", 24, 200, 0, 0))
        os.environ["TERM"] = "dumb"
        os.execvp("bash", ["bash", "--norc"])
    finally:
        os._exit(127)

os.write(kichwa, b"df -h; echo TAY''ARI; exit\n")
while True:
    try:
        data = os.read(kichwa, 4096)
    except OSError as kosa:
        if kosa.errno != errno.EIO:
            raise
        break
    if not data:
        break
    os.write(1, data)
_, hali = os.waitpid(pid, 0)
print(os.waitstatus_to_exitcode(hali))
```

`pty.fork()` imefungua jozi, imezaa mtoto (mchakato mpya), imemwanzishia kikao kipya kwa `setsid`, imeufanya mkia kuwa teminali inayomtawala, kisha imeuunganisha kwenye namba 0, 1 na 2 (stdin, stdout na stderr). Ukiamua kufanya haya kwa mkono ukasahau `setsid`, bash italalamika `no job control in this shell` na Ctrl-C yako haitafika popote. Kosa jingine la kazi ya mkono ni mzazi kuacha nakala yake ya mkia wazi: sheli inakufa, wewe unasubiri mwisho usiofika. Wa Node mnayo `node-pty`, wa Go `creack/pty`, na Windows ina ConPTY tangu 2018. Hatua zinafichwa, tabia ya karani inabaki ileile.

Mstari wa `os._exit(127)` msiudharau. `execvp` ikishindwa, mtoto bado ni nakala kamili ya programu yako, na asipozuiwa ataendelea na maisha yako: seva moja inakuwa mbili.

EIO nayo inawatisha watu bure. Mkia ukishafungwa na wote, kusoma kichwa kwenye Linux kunarudisha kosa namba 5. Kwenye macOS unapata baiti tupu. Zote mbili maana yake ni moja: mazungumzo yamekwisha. Kujua kama yameisha salama ni kazi ya `waitpid`, na usipoiita utabaki na maiti, yaani mchakato uliokufa bila kuondolewa, kwenye orodha ya `ps`.

Sasa angalieni `TAY''ARI`. Unataka alama ya kukuambia `df` imemaliza. Ukiandika `echo TAYARI` na kuanza kulitafuta neno hilo, utalipata papo hapo, kabla `df` haijaanza, kwa sababu amri yako mwenyewe imerudishwa kama mwangwi. Ukiipasua kwa nukuu mbili tupu, mwangwi unaonyesha `TAY''ARI`, sheli inazimeza nukuu, na `TAYARI` iliyo nzima inatokea kwenye jibu peke yake. Upana wa 200 nao una sababu: amri ikizidi upana wa dirisha, bash inaikunja kwa kuingiza herufi zake, na mwangwi haufanani tena na ulichotuma. Usipoweka ukubwa kabisa, dirisha huzaliwa na safu 0 na mistari 0, na kila programu inakisia inavyojua. Tumeweka ndani ya mtoto, kabla ya `execvp`, ili bash isiwahi kuuliza mapema.

Nywila ina mtego wake. Programu huandika `Password:` halafu ndiyo inamwambia karani aache mwangwi. Ukituma nywila katika upenyo huo mdogo, inarudishwa wazi na kuingia kwenye logi. `pexpect`, laibrari ya Python ya kuendesha programu kupitia teminali bandia, kwa chaguo-msingi husubiri sekunde 0.05 kabla ya kila utumaji kwa sababu hiyo hiyo. Msiiondoe ili kupata kasi.

Halafu usomaji. `os.read` inakupa kilichopo, haijui neno wala mstari. Neno ng’ombe likiandikwa kwa ile koma ya juu iliyopinda, koma hiyo ni baiti tatu katika UTF-8, na hakuna anayekuahidi zitafika pamoja. Ukiita `.decode()` kwa kila kipande, siku moja itapasuka. Tumieni `codecs.getincrementaldecoder`, inayoshikilia nusu herufi mpaka nusu nyingine ije. Upande wa kutuma, karani wa Linux akiwa anashikilia mistari, mmoja hauwezi kuzidi baiti 4096 pamoja na Enter yake. Ziada inatupwa bila taarifa. Faili kubwa lisipitishwe huku kwa base64 ya mstari mmoja. Likate, au tumia njia nyingine.

La mwisho ni kwa wanaojenga sheli ya kivinjari. Bando la mtumiaji likikata akiwa katikati ya kazi, muunganisho wa wavuti unakufa lakini kichwa bado kimefunguka kwenye seva yako, na bash iko hai nyuma yake. Ukiacha kukisoma, bafa inajaa na programu ya ndani inakwama ikiandika. Ukikifunga, kerneli inatuma SIGHUP, ishara kwamba teminali imekatika, na michakato mingi inaondoka. Iliyoanzishwa kwa `nohup` hupuuza ishara hiyo na haiondoki. Basi fungeni kichwa, subirini sekunde chache, kisha SIGKILL kwa kilichosalia kwenye kikao, na `waitpid`. Kiwango cha juu cha jozi kimeandikwa kwenye `/proc/sys/kernel/pty/max`, kwa kawaida 4096, na zilizofunguliwa sasa ziko kwenye `/proc/sys/kernel/pty/nr`. Namba hii ya pili ikipanda usiku wakati hakuna mtumiaji, kuna mahali hamfungi.