Bunge Lililokosa Akidi: Indiana, 1863

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sheria na wa historia, na nyote mliofika jioni hii, nawashukuru.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, tumezoea kuvisoma kupitia mapigano ya Gettysburg, Rais Lincoln, na majenerali Grant wa Kaskazini na Lee wa Kusini. Leo nawaomba tuingie kwenye ukumbi wa bunge la jimbo, mahali pasiposikika mlio wa bunduki, tuangalie yaliyotokea Indianapolis, makao makuu ya jimbo la Indiana, kati ya Januari na Machi 1863. Ninachoshikilia ni kwamba bunge la Indiana halikuuawa na vita. Liliuawa na kanuni zake lenyewe, zilizotumiwa mpaka mwisho na pande zote mbili. Na aliyekuja kuziba pengo hakuwa jenerali mwenye jeshi. Alikuwa mwenye benki wa New York.

Kwanza tulielewe jimbo lenyewe. Indiana ilibaki upande wa Muungano, yaani wa Kaskazini, lakini sehemu yake ya kusini ilijaa watu ambao wazazi wao walitoka Kentucky, Virginia na North Carolina. Nafaka na nyama yao ya nguruwe ilishuka kwa mto Ohio, ikaingia Mississippi, ikafika New Orleans. Vita vilipofunga mto, vilifunga soko lao. Hata hivyo, mwanzoni walisimama pamoja. Ngome ya Sumter, ya Muungano, iliposhambuliwa na waasi wa Kusini Aprili 1861, Gavana Oliver Morton, aliyekuwa madarakani miezi mitatu tu, aliahidi kumpelekea Lincoln wanajeshi 10,000. Akaitisha kikao maalumu, na wabunge wa Republican na wa Democrat wakaidhinisha fedha za kununulia silaha. Sitaki mkisahau kikao hicho, kwa sababu kinathibitisha kwamba watu hawa waliweza kufanya kazi meza moja.

Mwaka mmoja na nusu baadaye umoja ule ulikuwa umekwisha. Vita vilikuwa vimerefuka. Bei zilipanda, vijana wakaanza kuandikishwa jeshini kwa lazima, na watu wakakamatwa bila kufikishwa mahakamani. Septemba 22, 1862, Lincoln akatangaza kwamba watumwa katika majimbo yaliyoasi watakuwa huru kuanzia Januari. Wapiga kura wengi wa Indiana walikuwa tayari kuupigania Muungano, si kumpigania mtu mweusi. Ni ukweli mchungu, lakini bila huo hakuna kinachoeleweka katika habari hii. Tena katiba ya jimbo ya 1851, katika ibara yake ya 13, ilikuwa imewakataza watu weusi kuhamia Indiana. Oktoba 1862 Wademocrat walishinda mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, na wakachukua pia ofisi za katibu wa jimbo, mkaguzi wa hesabu, mweka hazina na mwanasheria mkuu. Morton, aliyekuwa Mrepublican, alibaki peke yake juu.

Kikao kilianza Januari 8, 1863. Katiba iliweka ukomo wa siku 61, na kikao cha kawaida kilikuwa kimoja kila miaka miwili. Shikeni hesabu hizo mbili: siku 61, miaka miwili. Muda ukiisha kabla ya bajeti kupita, bunge halina siku ya pili. Linasubiri uchaguzi mwingine, isipokuwa gavana aamue kuliita.

Kazi ya mwanzo ilikuwa kuchagua maseneta wa kwenda Washington, kwa kuwa zama zile maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Kiti kimoja kilikuwa cha Jesse Bright, aliyefukuzwa na Seneti 1862 kwa sababu ya barua aliyomwandikia Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyoasi, kumtambulisha mtu wa biashara ya silaha. Muda uliobaki akapewa David Turpie, na muhula kamili ukaenda kwa Thomas Hendricks. Hilo lilipita. Kilichovunja nyumba ni muswada wa jeshi.

Muswada ule ulitaka kuyatoa mamlaka juu ya wanamgambo wa jimbo mikononi mwa gavana na kuyakabidhi kwa bodi ya maofisa wa jimbo, yaani wale wanne niliowataja, wote Wademocrat. Nasema bila kuficha: muswada ule ulikuwa wa hatari. Katiba ilimtaja gavana kuwa amiri jeshi wa jimbo. Kumpokonya amri hiyo katikati ya vita, kwa sheria ya kawaida, huku mto Ohio ukiwa ndiyo mpaka, ni kucheza na usalama wa watu. Julai ya mwaka uleule jenerali wa Kusini, John Hunt Morgan, alivuka mto huo na zaidi ya wapanda farasi 2,000, na wanamgambo wakapambana naye Corydon, mji uliokuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo. Waliouandika muswada hawakuweza kujua kwamba Morgan atakuja. Lakini kwamba adui angeweza kuvuka, hilo walilijua.

Warepublican hawakuwa na kura za kuuzuia. Walichokuwa nacho ni akidi. Indiana haikuridhika na nusu ya wabunge. Ilitaka theluthi mbili wawemo ndani ya kila baraza ndipo shughuli ziendelee. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 100, kwa hiyo wakiondoka 34 kazi inasimama. Mwishoni mwa Februari wakaondoka. Walipanda treni mpaka Madison, mji wa Indiana ulio ukingoni mwa mto Ohio. Ng'ambo yake ni Kentucky, ambako amri ya spika wa Indiana haikufika. Wakakaa huko. Siku zikapita bila muswada wa jeshi, na bila bajeti vilevile. Machi 9 siku 61 zikaisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Morton bila kikomo. Kuzuia muswada mmoja mbaya kwa kususia kikao ni jambo ninaloweza kulitetea, maana kanuni iliwaruhusu na hatari ilikuwa ya kweli. Lakini waliosusia walijua kwamba bajeti ilikuwa nyuma ya muswada uleule. Wademocrat nao walijua, na waliishikilia wakidhani gavana atapiga magoti. Hospitali ya wagonjwa wa akili, shule za vipofu na viziwi, gereza, riba ya deni la jimbo, vyote viliachwa bila idhini ya matumizi. Kila upande ulimtazama mwenzake ukingoja apepese macho kwanza, na waliolipa ni wale wasiokuwa na kiti mle ndani.

Suala la riba halikuwa dogo. Mwaka 1836 Indiana ilikopa mno ili kujenga mifereji na barabara, na kufikia 1841 ikashindwa kulipa. Aibu ile haikuwa imesahaulika. Mweka hazina alikuwa na fedha, ila bila sheria ya matumizi alikataa kuzitoa, na Mahakama Kuu ya jimbo ikakubaliana naye. Kisheria naona walikuwa sahihi. Fedha ya umma haitoki bila bunge. Ukiiondoa kanuni hiyo hakuna sababu ya kuwa na bunge.

Morton alikuwa na njia halali: kuliita bunge kwenye kikao maalumu. Hakufanya hivyo. Alihofia muswada wa jeshi ungerudi, na badala yake akaenda kukopa. James Lanier, mwenye benki New York aliyewahi kuishi Madison hiyohiyo, ambaye 1861 aliikopesha Indiana dola 400,000 za kuandaa wanajeshi, sasa alilipa riba ya deni, na kwa kazi hiyo peke yake akatoa zaidi ya dola 600,000. Kaunti, kampuni za reli na watu binafsi walichangia. Faida ya ghala la silaha la jimbo, ambako wanawake wengi walifanya kazi ya kutengeneza risasi, ikaingia humo pia. Huko Washington, Waziri wa Vita Edwin Stanton akatoa dola 250,000. Inasimuliwa kuwa Morton alimwambia, vita vikishindwa sisi wawili tutashtakiwa, na Stanton akajibu kuwa vikishindwa yeye hataki kuishi. Fedha hizo zilitunzwa katika kile kilichoitwa Ofisi ya Fedha, chini ya msaidizi wa gavana, W. H. H. Terrell. Hazikupita kwa mweka hazina aliyechaguliwa, wala hazikupigiwa kura na mbunge yeyote.

Ndugu zangu, mtu mmoja aliendesha jimbo zima hivyo kwa karibu miaka miwili. Wagonjwa walitunzwa, riba ikalipwa, wanajeshi wakaenda vitani. Nampa sifa ya uaminifu: fedha ziliandikwa, na hakuzila. Lakini uaminifu wa Morton ulikuwa bahati ya watu wa Indiana. Haukuwa kinga yao. Kisheria, hakuna kilichomzuia gavana mwingine, mwenye tamaa, asifuate nyayo zilezile.

Jambo moja husahaulika. Wanajeshi wa Indiana hawakuweza kupiga kura wakiwa kambini, tofauti na wa majimbo mengine mengi ya Kaskazini. Septemba 1864 Lincoln mwenyewe alilazimika kumwandikia Jenerali Sherman wa jeshi la Muungano kumwomba awaruhusu wale wanaoweza kuachiliwa warudi nyumbani kupiga kura ya Oktoba, ya kumchagua gavana na bunge. Morton alishinda kwa takriban kura 20,000, na Warepublican wakalichukua bunge. Lilipokutana 1865 lilianza kuzitambua hesabu za gavana, na Lanier hatimaye alilipwa deni lake. Februari 13, 1865, bunge hilo likaridhia marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, ya kukomesha utumwa.

Watu weusi wa Indiana, ambao hawakuruhusiwa kumpigia kura mbunge yeyote katika habari hii, walikuwa wamekwisha kuunda kikosi cha 28 cha wanajeshi weusi huko Indianapolis, kikapigana Petersburg, Virginia, Julai 1864. Ibara ya 13 ya katiba ya jimbo ilikuwa bado imeandikwa siku wanaondoka. Mahakama Kuu ya Indiana iliitangaza kuwa batili 1866.

Kabla ya kufungua maswali, kuna jambo moja ningependa wanafunzi wa sheria mnisaidie kulijadili. Katiba ya 1851 ilimwachia gavana peke yake uamuzi wa kuita kikao maalumu. Wabunge hawakuwa na njia ya kukutana kwa hiari yao wenyewe, hata wangetaka wote. Kama mngeketi kuiandika upya Machi 10, 1863, mngempa nani ufunguo huo, na mngetaka saini ngapi?